Boti, Mwezi na Shakwe: Kumbukumbu za Kuandaa Safari za Ndege Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Ndege wa bahari, kwa maana inayotumiwa hapa, ni wale wanaojipatia riziki yao kwenye maji ya wazi, mbali na matete na kingo za matope, na ingawa jina lao linawahusisha na maji ya chumvi, ziko jamii mbili kati yao ambazo zimeyazoea pia maziwa makubwa ya Afrika. Ya kwanza ni shakwe, ndege wenye mwili mzito, mdomo wenye nguvu na vidole vilivyounganishwa kwa ngozi, wanaokula samaki, mizoga na mabaki. Ya pili ni buabua, wembamba zaidi, wenye mabawa yaliyochongoka na urukaji mwepesi, wanaookota samaki wadogo na wadudu juu ya maji. Jamii zote mbili hupatikana kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kati ya mji wa Uvira na mdomo wa mto Ruzizi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, mahali ambapo milima ya Mitumba huinuka ghafla nyuma ya mji na kuacha ukanda mwembamba tu wa tambarare ufuoni. Kuwaona vizuri kunahitaji boti, na boti hiyo inahitaji maandalizi ambayo yanastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndani yake yamo mambo mengi yanayolihusu ziwa lenyewe na watu wanaoishi nalo.

Msimu unaofaa kwa safari kama hizo ni ule unaoitwa Ulaya majira ya baridi, yaani Desemba, Januari na Februari, ambao Uvira ni msimu wa mvua. Sababu yake ni uhamaji, tabia ya ndege kuhama kila mwaka kati ya nchi wanakozalia na nchi wanakokwenda kuikimbia njaa. Shakwe mgongo-mweusi mdogo, ambaye mgongo wake hukaribia weusi wa makaa na miguu yake ni ya manjano, huzaa kandokando ya Bahari ya Baltiki, hasa Ufini na Uswidi, na maji ya huko yanapoanza kuganda huwa ameshaondoka siku nyingi. Pete za chuma zinazovalishwa miguuni pamoja na vifaa vidogo vya kufuatilia safari vimeonyesha kwamba shakwe wa Ufini hupitia mashariki ya Bahari ya Mediterania, hulifuata bonde la Nile na kufika kwenye maziwa makubwa ya Afrika ya Mashariki, ambako wengi wao hukaa hadi siku za kurudi. Buabua bawa-jeupe naye hutoka kwenye mabwawa ya Ulaya ya Mashariki na Asia. Wageni hao huungana na wenyeji, yaani shakwe kichwa-kijivu, mnandi, mwari, mdiria mweusi na mweupe, na furukombe, ambao hawana haja ya kusafiri.

Kumbukumbu zinazosimuliwa hapa zinatokana na safari zilizoandaliwa na walimu wachache wa Lemera na wenzao wa Uvira, mwandishi akiwa mmoja wao, kwa ajili ya wanafunzi wa milimani pamoja na wauguzi na wazazi waliopenda kufuatana nao. Lemera iko katika nyanda za juu za Bafuliiru, upande wa kaskazini-magharibi wa Uvira, na mtu akisimama kwenye mgongo wa mlima siku isiyo na ukungu huliona bonde lote la Ruzizi likienda chini hadi ziwani. Hata hivyo wengi wa vijana waliojiandikisha walikuwa hawajawahi kukanyaga ndani ya boti. Mahali hapo panajulikana kwa hospitali yake, iliyojengwa na misheni ya Wapentekoste kutoka Uswidi, na kwa mauaji ya wagonjwa na wahudumu yaliyotokea humo Oktoba 1996. Jina la Uswidi kwa hiyo si geni kwa mtoto wa Lemera, kwani yumo katika kila familia mzee aliyetibiwa au kufundishwa na watu wa nchi hiyo, na mwalimu anayeeleza kwamba huko huko ndiko anakotoka shakwe anayekaa Uvira wakati wa Noeli hahitaji ramani ili asikilizwe. Hilo lilikuwa fundisho la awali la safari hizo, na pengine lenye thamani kuliko mengine: mwanafunzi humjali ndege pale anapoonyeshwa uzi unaomuunganisha na jambo analolijua nyumbani kwake.

Jambo lililowashughulisha waandalizi kuliko yote lilikuwa kalenda ya mwezi. Uvuvi mkubwa wa upande huu wa ziwa ni wa ndagala, samaki wadogo wa maji ya wazi ambao Watanzania huwaita dagaa, pamoja na mukeke, samaki mkubwa kidogo anayewawinda ndagala hao. Mchana ndagala hushuka kwenye kina, na usiku hupanda wakiwafuata wadudu wadogo mno wa majini wanaoelea, ndipo wavuvi huwavuta kwa mwanga wa taa, zamani karabai za mafuta na siku hizi taa za betri, huku wavu mpana uliofungwa kati ya boti zilizounganishwa kwa miti ukishushwa na kuinuliwa taratibu. Taa hiyo hufanya kazi kwenye giza tu. Mbalamwezi inapokuwa kubwa mwanga wake hutawanyika juu ya ziwa lote, samaki hawakusanyiki tena mahali pamoja, na boti hupumzishwa ufuoni kwa siku kadhaa, nyavu zikishonwa na injini zikifunguliwa.

Kwa mwandalizi asiyelijua ziwa, siku hizo za mapumziko zinaonekana kuwa neema, kwa sababu boti zipo, mabaharia wapo na bei ya kukodi hushuka. Lakini ndege huishi kwa kalenda hiyo hiyo. Usiku wa giza unapokwisha na boti zinaporudi alfajiri, shakwe huzisindikiza kwa makundi hadi ufuoni, kwa kuwa nyavu zinapokung'utwa ndagala wengi hudondoka majini, na wanawake wanapoanika mavuno yao juu ya mchanga ndege hao husimama pembeni wakisubiri nafasi ya kunyakua. Wakati wa mbalamwezi karamu hiyo haipo, na ndege waliokuwa mamia mbele ya soko hutawanyika ziwani hadi mtu aweza kuzunguka asubuhi nzima na kuona mdiria na mnandi wachache tu. Kwa maneno mengine, siku ambazo boti ni rahisi kupatikana ndizo siku ambazo ndege ni vigumu kuonekana, na siku ambazo ndege wamejaa ndizo ambazo hakuna mvuvi mwenye akili atakayekubali kuwabeba wanafunzi badala ya kutafuta chakula cha watoto wake.

Njia iliyopatikana, baada ya mazungumzo marefu na wazee wa ufuoni, ilikuwa kuchagua siku zile za mpito ambapo mwezi umeanza kuchelewa kuchomoza na boti zimerudi kazini lakini mavuno bado ni madogo, kisha kumlipa mwenye boti kiasi ambacho angetarajia kukipata kwa usiku mmoja wa uvuvi wa siku hizo, wala si nauli ya abiria. Malipo hayo yaliwashtua baadhi ya wazazi, nao walikuwa na haki ya kuuliza, maana fedha za Lemera hutoka kwenye mihogo na maharagwe yanayobebwa kichwani. Lakini mwenye boti anayelipwa chini ya hasara yake hutafuta namna ya kufidia, ama kwa kuongeza abiria wengine, ama kwa kupunguza mafuta ya akiba, na yote mawili ni hatari juu ya maji yenye kina cha mamia ya mita.

Kulikuwa pia na suala la ruhusa, ambalo kwenye ziwa la mpakani halichukuliwi kwa wepesi. Ziwa Tanganyika limegawanywa kati ya nchi nne, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, na kaskazini mwake mpaka wa Kongo na Burundi hufuata Ruzizi Ndogo, tawi la magharibi la mto huo kabla haujaingia ziwani. Sehemu kubwa ya delta, yaani eneo la matope, matete na mikondo ambalo mto hulijenga mdomoni kwa udongo unaoubeba, iko upande wa Burundi, ambako ni hifadhi ya taifa na imeorodheshwa tangu mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo ya ardhi oevu. Boti inayotoka Uvira ikiwafuata mwari bila kuangalia inaweza kujikuta katika maji ya nchi nyingine, na wavuvi waliowahi kushikwa kwa sababu hiyo hawahitaji kusimuliwa mara mbili.

Darubini za macho mawili huongeza ugumu, kwani katika eneo ambalo limepitiwa na vita kwa miaka mingi mtu anayetazama mbali kwa chombo anadhaniwa kwanza kuwa mpelelezi. Barua ya ruhusa yenye mihuri yote haikutosha kuondoa shaka hiyo. Kilichosaidia ni darubini zenyewe kupelekwa kwenye ofisi ya kutolea ruhusa siku iliyotangulia safari, zikatolewa kwenye mifuko yake na kuwekwa mezani pamoja na kitabu cha picha za ndege, kisha ofisa akaombwa atazame mwenyewe kupitia dirishani. Shakwe alikuwa amesimama juu ya nguzo ya gati, mdomo wake mwekundu ukiwa umeelekezwa kwenye upepo, na ofisa aliyekuwa na maswali mengi alibaki kimya kwa muda, akaomba kitabu, akalinganisha, akawaita wenzake wawili waje kuangalia. Askari mmoja wa majini alifuatana na msafara, na kuanzia hapo akawa miongoni mwa wahesabuji makini kuliko wote.

Juu ya yote hayo yuko nahodha. Historia ya maji haya inaonyesha kwamba mgeni anayeandaa safari hana budi kumtii anayeshika usukani. Mwezi Aprili 1858 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakiwa na nia ya kwenda hadi mdomo wa Ruzizi ili wajue kama mto huo unaingia ziwani au unatoka, lakini wapiga makasia wao walikataa kuendelea mbele, na wageni hao wakageuka kusini wakiwa na habari walizopewa na wenyeji tu, kwamba mto unaingia. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakaufikia mdomo huo na kuthibitisha yale ambayo watu wa Uvira walikuwa wamekwisha kuyasema. Katika simulizi za aina hiyo kukataa kwa wapiga makasia hupewa kwa kawaida jina la woga, na hukumu hiyo si ya haki, kwa sababu watu hao walijua ni ufuo gani una ugomvi na ni maji gani hayana mahali pa kukimbilia.

Upepo wa kaskazini mwa ziwa una desturi zake. Katika kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kwa muda mrefu, ukisukuma mawimbi kutoka mbali. Katika msimu wa mvua ziwa huwa tulivu zaidi, lakini dhoruba hushuka ghafla kutoka milimani, mara nyingi baada ya mchana kupamba moto. Kwa hiyo safari za Januari hufanywa alfajiri na kumalizika kabla ya saa tano, na idadi ya abiria huwekwa chini ya ile ambayo boti imezoea kubeba, kila mmoja akiwa amevaa jaketi la kuokolea kabla ya injini kuwashwa, si baada ya mawimbi kuanza. Sharti hili la mwisho lilikuwa gumu kulitimiza kuliko linavyosikika, kwa kuwa jaketi zilizopatikana za kukodi zilikuwa pungufu, na waandalizi walilazimika kuwagawa wanafunzi katika makundi na kurudia njia ile ile kwa siku tofauti.

Katika mojawapo ya safari hizo boti ilikuwa imekaribia kundi kubwa la buabua lililokuwa likicheza juu ya maji upande wa mtaa wa Kavimvira, na mwalimu mmoja, aliyekuwa ameteremka kutoka milimani kwa miguu na kwa lori ili awafikie ndege hao, alimwomba nahodha asogee kidogo tu. Nahodha alikuwa ameacha kuwatazama ndege; alikuwa anaangalia wingu jembamba lililokuwa limekaa juu ya mlima nyuma ya Uvira, ambalo kwa macho ya mtu wa bara halikuwa na tofauti na mawingu mengine. Mwalimu alisema, "Papa, dakika tano." Nahodha alijibu kwa upole, "Mwalimu, tutarudi kesho," akazungusha boti. Walipofika ufuoni maji yalikuwa bado yamelala, na baadhi ya abiria wakanung'unika kwamba wamenyimwa haki yao. Kabla hawajamaliza kunywa chai upepo ulishuka ukakunja miti ya maembe na ziwa likawa jeupe kwa povu. Tangu siku hiyo iliandikwa kwenye karatasi ya kila msafiri, juu ya orodha ya ndege, kwamba uamuzi wa kurudi ni wa nahodha peke yake na haujadiliwi ndani ya boti.

Panapoonekana ndege kwa wingi, mbali na ufuo wa wavuvi, ni kwenye mstari ambapo maji ya Ruzizi hukutana na ya ziwa. Wakati wa mvua mto huleta tope la kahawia, na maji hayo hayachanganyiki mara moja na maji ya buluu, bali hukaa kandokando yake kwa umbali mrefu, mpaka ukiwa dhahiri kiasi kwamba ubavu mmoja wa boti unaweza kuwa kwenye rangi moja na ubavu wa pili kwenye nyingine. Juu ya mpaka huo hukusanyika majani, povu, wadudu waliokufa na magugu-maji yaliyong'oka, na juu ya hayo huja buabua bawa-jeupe. Mwezi Januari hana weusi wake wa wakati wa kuzaa; amekuwa wa kijivu juu na mweupe chini, na doa jeusi nyuma ya jicho limebaki kama alama ya kumtambulisha. Hajitupi majini kama mdiria. Hushuka, hugusa uso wa maji kwa ncha ya mdomo, huinuka na kitu kidogo mno kuonekana, kisha hurudia tena na tena akielekea upepo unakotoka, na kundi zima hufanya hivyo kwa zamu bila kugongana. Wanafunzi waliokuwa wamekuja kutafuta ndege wakubwa walisahau mwari waliokuwa wamelala mbele yao, na kazi ya kuhesabu ikawa ngumu kwa sababu kila mmoja alitaka kuendelea kutazama.

Chakirasi, ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu na huukata uso wa maji huku akiruka, hakutarajiwa katika safari hizo, kwa kuwa hutegemea mafungu ya mchanga yanayojitokeza mto unapopungua wakati wa kiangazi, na waandalizi waliona ni uungwana kuwaambia wasafiri hivyo mapema. Kuahidi ndege asiyekuwepo ili watu wajiandikishe ni udanganyifu, hata kama fedha zinakwenda kwenye kazi njema. Kuhusu nafasi ya wavuvi katika safari hizi, inafaa kuangalia namna mambo yanavyofanywa kwenye kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe nchini Uganda, ambako wageni hupelekwa kwa mitumbwi kumtafuta korongo-nyangumi: wenyeji wenye mitumbwi wamejiunga pamoja na ndio wanaoongoza, na ujuzi wao wa njia za majini umekuwa kazi inayolipwa. Uvira haina wageni wa namna hiyo kwa sasa, na amani ikikosekana haitakuwa nao, lakini utaratibu wa kumfanya mvuvi kuwa kiongozi wa safari badala ya kibarua hauhitaji watalii ili uanze.

Safari hizi zina faida inayopita furaha ya siku moja, nayo ni hesabu zinazosaidia kufuatilia hali ya ziwa. Katika ncha ya kaskazini ya ziwa, oksijeni huisha kwenye kina cha takriban mita 100, na maji yote yaliyo chini yake, ingawa yana mbolea nyingi, hayana samaki. Uhai wa ziwa hutegemea upepo unaokoroga tabaka la juu na kuipandisha mbolea hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba joto la maji ya juu limeongezeka na ukorogaji umepungua, na kwamba uzalishaji wa mimea midogo ambayo ndiyo msingi wa chakula cha ndagala huenda umeshuka kwa kiasi cha asilimia 20. Ndagala wakipungua, buabua na shakwe nao watapungua au watahamia kwingine, na mabadiliko hayo yanaweza kujulikana tu iwapo kuna hesabu za miaka iliyotangulia za kulinganisha nazo. Kila mwaka, katikati ya Januari, hufanyika katika nchi nyingi hesabu ya ndege wa maji ya Afrika inayoratibiwa na shirika la Wetlands International. Kwa kuwa wahesabuji huhesabu karibu wakati mmoja, uwezekano wa ndege yule yule kuhesabiwa mara mbili katika nchi mbili hupungua. Tarehe hiyo inaangukia ndani ya msimu ulioelezwa hapa, na ndiyo iliyochaguliwa na waandalizi kila vita viliporuhusu.

Madaftari yaliyotokana na safari hizo yamehifadhiwa majumbani kwa watu, na mengine yamepotea wakati wa kukimbia mapigano au yameloweshwa ziwa lilipopanda na kuingia kwenye nyumba za ufuoni. Uvira ina Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, yaani elimu ya viumbe wa majini, na hapo ndipo mahali pake. Mwalimu, muuguzi au mvuvi yeyote wa Lemera, Uvira au miji mingine ya ufuoni kama Baraka na Kalemie aliyewahi kuandika ndege aliowaona ziwani, hata kama ni ukurasa mmoja wenye tarehe, mahali na idadi, anaombwa anakili ukurasa huo, apeleke nakala kituoni, na Januari ijayo aende tena ufuoni alfajiri akahesabu.